Kosa la Kwanza Ndilo la Kusoma: Kukompaili Programu-jalizi ya GIMP Ukiwa Moshi

Picha za zamani zinazoletwa Moshi mjini kusafishwa zina magonjwa yake, na ukishazizoea unaweza kukisia zilikotoka kabla hujaambiwa. Zile za Uru, Kibosho na Machame, juu kwenye migomba na kahawa, zina madoa ya ukungu: vimelea vyake huila jelatini iliyoshika taswira kwenye karatasi, polepole, miaka kwa miaka, na kuacha vidoti vyeupe au vya hudhurungi hadi usoni mwa watu. Zile za tambarare, upande wa Kahe, zimekauka na kupasuka kwenye mikunjo, na pembe moja imepitiwa na mchwa. Zilizotundikwa karibu na jiko zina masizi. Masanduku hufunguliwa Desemba, watu wanapopanda kwao kutoka Dar es Salaam na Mwanza kwa ajili ya Krismasi, na hufunguliwa pia ghafla, siku ya msiba, familia inapogundua kwamba picha ya marehemu iliyopo ni moja tu na inatakiwa kesho asubuhi.

Kwa kazi hii mimi hutumia GIMP, programu huria ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakati huo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haidai leseni wala ada ya kila mwezi, na inakubali kukaa kwenye laptopu ya mtumba. Unaweza kuiongezea programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoipa ujuzi ambao haikuzaliwa nao. Moja kati ya hizo, Resynthesizer, kazi iliyoanzishwa na Paul Harrison huko Australia, imefaa sana kwa picha za huku. Unalizungushia doa mstari, nayo inachunguza pikseli za jirani na kulijaza pengo kwa umbile linalofanana nazo. Ukuta wa udongo, majani ya mgomba, kitambaa cha suti, anga la mawingu: doa linaondoka.

Shida ni kuipata ikiwa tayari kutumika. Mara nyingi unachokuta ni msimbo tu, maandishi ya lugha ya C, na ni juu yako kuyakompaili, yaani kuyapitisha kwenye kompaila ili yageuke programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Unaandika make, skrini inajaa mistari mia mbili, na wa mwisho unasema tu kwamba kuna kosa. Wengi huachia hapo. Nami niliachia hapo mara mbili, kwa sababu niliusoma mstari wa mwisho nikidhani ndio unaonieleza tatizo.

Mstari wa mwisho haukuelezi chochote. Kosa la kusoma ni la kwanza, na mengi yanayolifuata ni watoto wake. Kompaila ikikosa faili moja linaloeleza aina za data, kila mstari unaozitumia aina hizo utalalamikiwa, na utaona makosa themanini mahali ambapo kuna moja. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, yahifadhi matokeo:

LC_ALL=C make -j1 2>&1 | tee matokeo.txt
grep -n -m 5 "error:" matokeo.txt

Kile -j1 kinaiamuru make ifanye jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiiachia mambo manne kwa pamoja, ujumbe wa faili moja unachanganyika na wa jingine na hutajua lipi lilitangulia. Isitoshe, laptopu yenye RAM ndogo inaweza kuishiwa nguvu, kompaila ikauawa katikati kwa ujumbe wenye neno Killed. LC_ALL=C inaufanya ujumbe utoke katika maneno yale yale ambayo kila mtu duniani ameyaona, hivyo ni rahisi kuutafuta. Amri ya pili inakuonyesha makosa matano ya mwanzo pamoja na namba za mistari yake. Soma la kwanza, lirekebishe hilo tu, andika make clean, kisha rudia. Usirekebishe mawili kwa pamoja.

Kabla ya kuugusa msimbo

Angalia kwanza kama unahitaji kukompaili kweli. Faili linaloishia na .scm ni Script-Fu: linawekwa kwenye folda ya scripts na kazi imekwisha. Linaloishia na .py ni la Python, nalo halihitaji kompaila. Ni mafaili ya .c ndiyo yanayokompailiwa. Nimeona kijana akihangaika na gcc, kompaila ya C, siku nzima kwa faili la .scm, na hakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kisha tazama saa ya kompyuta. Unaweza kuona si jambo la kuanza nalo, lakini laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zina betri ya saa iliyokufa, ile ndogo ya duara kama sarafu. Betri kuu ikiisha au ukizima usiku, kompyuta inasahau tarehe na kuamka ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Hapo kila kitu kinaharibika kwa namna isiyofanana na tatizo la saa. apt, chombo cha kusakinisha pakeji, inakataa kupakua ikisema kwamba faili la Release «is not valid yet». git, chombo cha kupakulia msimbo, inasema «server certificate verification failed», ukadhani ni mtandao. make yenyewe inaonya:

make: warning: Clock skew detected. Your build may be incomplete.

Onyo hili lichukulie kwa uzito. make huamua faili gani likompailiwe upya kwa kulinganisha nyakati. Saa ikidanganya, itaruka faili ulilolirekebisha dakika moja iliyopita, nawe utabaki unashangaa mbona kosa halibadiliki. Andika date uone. Ukiwa na intaneti, sudo timedatectl set-ntp true inatosha. Usipokuwa nayo, weka kwa mkono:

sudo date -s "2025-12-18 09:30"

Hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili, na wanaoanza huandika 03:30 wakaingia kwenye tatizo jipya. Baada ya kurekebisha saa andika make clean. Kisha nenda kwa fundi saa ukabadilishe ile betri. Kwenye laptopu nyingi ni CR2032, ingawa nyingine huwa imefungwa waya, kwa hiyo ifungue na kuitazama kabla hujanunua.

Jambo la tatu ni mahali ulipoufungulia msimbo. Usikompaili ndani ya flashi. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT, ambao hautunzi ruhusa za Linux, kwa hiyo ukiandika ./autogen.sh unajibiwa «Permission denied», na sudo na chmod hazisaidii. Nakili folda nzima kwenye diski ya kompyuta, ndani ya folda yako ya nyumbani, na folda hiyo isiwe na nafasi katika jina lake. «Kazi za Picha» itaisumbua make, ambayo huona maneno matatu mahali pa moja. Iite kazi-picha.

La nne, ujue GIMP uliyonayo ni ipi na imetoka wapi:

gimp --version
which gimp
flatpak list | grep -i gimp
snap list | grep -i gimp

Ukigundua imetoka Flatpak au Snap, simama hapo. GIMP ya namna hiyo huishi na maktaba zake yenyewe, mbali na zile za mfumo wako, na programu-jalizi uliyoikompaili kwa maktaba za mfumo inaweza kushindwa kufunguka ndani yake. Kwa Flatpak, Flathub wanayo Resynthesizer iliyokwisha kukompailiwa, inayopakuliwa kama kiongezo cha GIMP, nawe huna haja ya kuendelea na mwongozo huu. Tahadhari ni moja: Flatpak hula bando. Ukiwa unalipia intaneti kwa kifurushi cha siku, ifanye usiku au mahali penye Wi-Fi.

Kuhusu bando

Maelekezo mengi yanakushauri uandike sudo apt build-dep gimp. Usiandike. Amri hiyo inaleta vyote vinavyohitajika kuikompaili GIMP yenyewe, nzima, wakati wewe unataka programu-jalizi moja. Kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04, au Debian 12, ambazo zina GIMP 2.10, hivi vinatosha:

sudo apt-get install --no-install-recommends --download-only build-essential pkg-config libgimp2.0-dev automake libtool intltool

Kabla haijaanza, apt inakwambia ni megabaiti ngapi itapakua na kukuuliza. Isome namba hiyo, ilinganishe na salio lako la bando, na ukiona haitoshi jibu n. Nimeandika apt-get na si apt kwa makusudi: apt huyafuta mafaili yaliyopakuliwa baada ya kuyasakinisha, lakini apt-get huyaacha kwenye /var/cache/apt/archives. Yanakili yale ya .deb kwenye flashi (kwa kuhifadhi, flashi haina tatizo), kisha rudia amri ile ile bila --download-only ili kusakinisha. Mwenzako wa Majengo au Pasua mwenye toleo lile lile la Ubuntu atasakinisha kutoka kwenye flashi yako bila kutumia hata megabaiti moja, ingawa akiwa na pakeji pungufu kuliko wewe itambidi azipate zilizobaki.

Na msimbo wenyewe uchukue kwa git clone --depth 1, ambayo inaleta hali ya sasa tu na kuiacha historia yote ya mabadiliko. Angalia tawi. Resynthesizer ya GIMP 2.10 na ile ya GIMP 3 si msimbo mmoja, na kulikosea tawi ni chanzo cha makosa ambayo hakuna marekebisho yatakayoyaondoa.

Jua umekwama hatua gani

Kazi ya kukompaili ina hatua, na kila hatua ina lugha yake ya kulalamika. Ukiitambua lugha, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza ni maandalizi, unapoandika ./autogen.sh au ./configure. Hapa kompyuta inakagua kama vifaa vipo. Lalamiko lake kubwa ni hili:

Package gimp-2.0 was not found in the pkg-config search path.

Linawachanganya watu kwa sababu GIMP wanayo, wanaiona pale kwenye menyu. Lakini GIMP ya kutumia na GIMP ya kujengea ni pakeji mbili tofauti. Kunywa kahawa hakukupi mche. Pakeji ya kujengea ni ile libgimp2.0-dev, na utajua imeingia kwa kuandika:

pkg-config --modversion gimp-2.0

Jibu linapaswa kulingana na lile la gimp --version. Yakitofautiana, una GIMP mbili ndani ya mashine moja, na moja itakupotosha. Pengine mtu aliikompaili nyingine zamani akaiweka /usr/local. Lalamiko jingine la hatua hii ni «possibly undefined macro: AC_PROG_INTLTOOL», na maana yake ni kwamba intltool haijasakinishwa. Isakinishe, kisha rudia ./autogen.sh tangu mwanzo.

Hatua ya pili ni kompaila yenyewe kusoma msimbo. Ukiona hili:

fatal error: libgimp/gimp.h: No such file or directory

na pkg-config imekwisha kukujibu vizuri, basi faili lipo na kompaila haijaelekezwa lilipo. Hutokea unapokompaili faili moja la .c kwa kuandika gcc peke yake. Kwa programu-jalizi ya faili moja, njia nyepesi ni kuiachia gimptool, chombo kinachokuja na ile pakeji ya kujengea:

gimptool-2.0 --build jina.c

Kinaweka maelekezo yote chenyewe. Ukitumia --install mahali pa --build, kinaipeleka na programu kwenye folda yako ya programu-jalizi.

Hapa kwenye hatua ya pili ndipo penye makosa yanayouma zaidi, kwa sababu hayatokani na kitu kilichosahaulika. Yanatokana na wakati. Programu-jalizi nyingi nzuri ziliandikwa miaka kumi au kumi na tano iliyopita, kompaila na GIMP zikaendelea na safari, nazo zikabaki nyuma. GIMP 2.10 ilitoka Aprili 2018, na 3.0 ikatoka Machi 2025. Katika miaka hiyo saba waundaji wake walihama kutoka GTK ya pili kwenda ya tatu (GTK ni ile maktaba ya vitufe na madirisha iliyozaliwa ndani ya mradi wa GIMP wenyewe, kisha ikaenea duniani) na wakaondoa njia za zamani za kusoma pikseli. Ukiona hili:

unknown type name 'GimpPixelRgn'

au GimpPlugInInfo ikikataliwa, usianze kurekebisha mstari mmoja mmoja. Umebeba msimbo wa 2 na kuupeleka kwa 3. Una njia mbili tu: utafute tawi la 3, au urudi kwenye mashine yenye 2.10. Debian 13 ina GIMP 3.0, na huko hata jina la pakeji ya kujengea limebadilika. Andika apt-cache search libgimp ulione. Aliyehamia Debian 13 na flashi yenye msimbo wa zamani anakutana na jambo hili siku ya kwanza.

Mgeni mwingine wa Debian 13 ni GCC 14. Kompaila za zamani zilikuwa zikiona msimbo unaoita kitu ambacho hakikutangazwa, zinatoa onyo na kuendelea. GCC 14, iliyotoka Mei 2024, inaliita kosa na kusimama:

error: implicit declaration of function

Utaambiwa uongeze -fpermissive ili irudi kuwa onyo. Inafanya kazi. Lakini nakuomba uelewe ni nini unachokiruhusu. Kompaila isipoambiwa kitu kinarudisha nini, inakisia kwamba kinarudisha namba ya biti 32. Kama kweli kinarudisha anwani ya kumbukumbu, ambayo kwenye mashine ya leo ni biti 64, nusu ya anwani inakatwa. Programu-jalizi itakompailiwa bila shida, itaonekana kwenye menyu, na siku utakapoigusa itaanguka na kukutolea dirisha la «Plug-in crashed». Dawa halisi kwa kawaida ni mstari mmoja juu ya faili: #include <string.h> au <stdlib.h> au <math.h>, kutegemea jina lililolalamikiwa. Huhitaji kuijua C kwa undani. Andika man strlen, na juu kabisa utaambiwa ni faili gani la kuingiza.

Hatua ya tatu ni kuunganisha, vipande vilivyokompailiwa vinapounganishwa na maktaba. Lugha yake ni «undefined reference to», na mwisho inafunga na «collect2: error: ld returned 1 exit status». Ile grep ya mwanzo itakuonyesha collect2. Kosa lenyewe liko mistari ya juu yake, kwa hiyo panda. Kama majina yanayokosekana yanaanza na gimp_ au gtk_, mara nyingi maktaba zimetajwa kabla ya faili kwenye amri. Mpangilio una maana: linka, programu inayounganisha, husoma kutoka kushoto kwenda kulia na huchukua kutoka kwenye maktaba kile tu ambacho tayari kimeulizwa. Andika hivi:

gcc -o jina jina.c $(pkg-config --cflags --libs gimp-2.0 gimpui-2.0) -lm

Zingatia -lm pale mwishoni. Ni maktaba ya hesabu, na programu-jalizi yoyote inayozungusha au kulainisha picha itadai sin, sqrt au pow kutoka humo. Lalamiko la «multiple definition» ni la GCC 10 na kuendelea. Tangu mwaka 2020 hairuhusu tena kigeu kimoja cha jumla (global variable) kitangazwe kwenye mafaili mawili. Kwa msimbo wa zamani ongeza -fcommon kwenye CFLAGS na uendelee. Hili halina hatari kama lile la -fpermissive.

Umeme ukikatika katikati

Hili sijaliona kwenye mwongozo wowote wa wenye umeme wa uhakika. Laptopu ya mtumba ambayo betri yake haishiki chaji huzimika pale pale umeme unapokatika. Ikizimika wakati wa kukompaili, linaweza kubaki faili la .o ambalo ni tupu au limekatika. Umeme ukirudi unaandika make, nayo inaliona faili lipo, ni jipya kuliko msimbo wake, basi inaliruka. Mwishoni linka inalalamika:

file not recognized: file format not recognized

au «file truncated». Msimbo wako hauna tatizo, na kompaila haina tatizo. Andika make clean na uanze upya. Kama tatizo limeingia hata kwenye msimbo uliopakuliwa, git status itakuonyesha faili lililobadilika bila wewe kuligusa, na git checkout -- jina-la-faili inalirudisha lilivyokuwa bila intaneti.

Imekompailiwa, lakini haionekani

Hii ni hatua ya nne. Hakuna kosa lolote kwenye terminali, unafungua GIMP, na kwenye menyu hakuna kitu.

Sababu ya kawaida ni kwamba imewekwa mahali ambapo GIMP haiangalii. make install nyingi huweka chini ya /usr/local, huku GIMP ya Ubuntu ikitazama kwingine. Muulize mwenyewe:

pkg-config --variable=gimplibdir gimp-2.0

Ongeza /plug-ins mwishoni mwa jibu, hapo ndipo mahali pa mfumo. Mimi napendelea folda yangu, ~/.config/GIMP/2.10/plug-ins, kwa sababu haihitaji sudo na inabaki salama mfumo unaposasishwa. Kwenye GIMP 3 kuna sharti: kila programu-jalizi iwe ndani ya folda yake, na jina la folda lilingane na jina la faili. Yaani plug-ins/resynthesizer/resynthesizer. Ukiiacha wazi kama zamani, GIMP 3 itairuka, na si kwa makosa. Sharti hilo ni la makusudi.

Hakikisha ina ruhusa ya kuendeshwa, kwa chmod +x. Kama ilipitia kwenye flashi, ruhusa hiyo huenda ilipotea njiani. Angalia kama kuna maktaba inayokosekana:

ldd ~/.config/GIMP/2.10/plug-ins/resynthesizer | grep "not found"

Kimya ni habari njema. Kisha funga GIMP, futa faili la pluginrc lililoko ~/.config/GIMP/2.10, na uifungue kutoka kwenye terminali kwa gimp --verbose. Lile pluginrc ni kumbukumbu ya GIMP kuhusu programu-jalizi ilizokwisha kuzihoji; likifutwa, inazihoji zote upya na kuandika jina la kila moja. Ukiliona jina la yako, imesomwa.

Halafu kuna tatizo moja la Resynthesizer lililonila wiki nzima. Injini ipo, ukiitafuta kwenye Procedure Browser ndani ya menyu ya Help unaikuta, lakini Heal Selection, amri ambayo kila mtu anaitaka, haipo mahali pake, Filters, Enhance. Kompaila haina hatia. Katika toleo la GIMP 2, injini imeandikwa kwa C, lakini amri za menyu kama Heal Selection ziliandikwa kwa Python 2, na Ubuntu iliondoa uwezo wa Python 2 kwenye GIMP yake tangu toleo la 20.04. Ulichokikompaili kimefaulu chote. Kilichobaki hakikuwa cha kukompaili. Unaweza kuitumia injini moja kwa moja kupitia Filters, Map, Resynthesize: nakili kipande safi cha ukuta au cha majani, kibandike kama picha mpya, kisha ukichague kiwe chanzo cha umbile. Ni hatua mbili zaidi, na wakati mwingine matokeo ni bora kuliko ya Heal Selection, kwa kuwa umeiambia mwenyewe ichukue wapi.

Kwa mwenye Windows, njia ni MSYS2, mazingira yale yale ambayo GIMP ya Windows hujengewa, lakini upakuaji ni mkubwa na kutolingana kwa mafaili ya DLL kunachosha. Mimi ningetafuta iliyokwisha kukompailiwa kwa toleo langu, au ningeweka Linux kwenye laptopu ya pili.

Kuijaribu

Usiijaribu kwa mara ya kwanza kwenye picha ya mteja. Skani picha moja ya kwako kwa dpi 600, hifadhi kama TIFF, kisha fungua nakala. Chagua doa lililo kwenye ukuta au kwenye majani, panua uteuzi kwa pikseli tatu au nne kwa Select, Grow ili kingo za doa zisibaki, ndipo uiendeshe. Ikianguka, rudi kwenye yale maonyo ya kompaila uliyoyapuuza.

Ikifanya kazi, kuna mpaka ninaouheshimu na ninakuomba uuheshimu. Resynthesizer hairudishi kilichopotea. Inabuni kwa kuazima kutoka jirani. Kwenye ukuta hilo si kitu. Kwenye uso wa mtu inaweza kuazima shavu ikafunika kovu, au kufuta alama ambayo wajukuu wanamtambulia nayo bibi yao. Madoa ya usoni yasafishe kwa mkono, kwa brashi ndogo ya Clone, huku mwenye picha amekaa karibu nawe. Mama mmoja alinizuia mkono nilipokuwa nikilifuta doa juu ya jicho la mumewe. «Hapo acha, mwanangu, hiyo ni alama yake.» Skana na mimi tulikuwa tumeliona ukungu.

Programu uliyoikompaili inakili kwenye flashi pamoja na yale mafaili ya .deb, folda ya msimbo na matokeo.txt ya mara ya mwisho iliyofaulu, na juu ya folda andika toleo la mfumo na la GIMP: ubuntu-2404-gimp-21036, kwa mfano. Faili la kwanza la skani liache lilivyo, kwenye folda yake. Na picha ya karatasi mrudishie mwenyewe ndani ya bahasha kavu, umwambie asiitundike tena karibu na jiko.